Ndugu Mhariri, kupitia kodi ya mwenzako siyo majungu

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Mwanza, wakubwa shikamooni. Mimi siyo mtu wa kuandika magazetini, kazi yangu ufundi, nafunga mitandao madukani na maofisini, natengeneza kompyuta, na usiku watoto wakilala nafungua laptopu nahangaika na Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila huu uko wazi, yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Ila kuna msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu wiki mbili zilizopita akasema vijana wetu wa programu wanapoteza muda kupitiana kodi, eti ni uchelewesho na majungu ya kitaalamu, mtu akishaandika kitu kikafanya kazi basi kiende, na isitoshe siku hizi mashine ndo zinaandika, sasa cha kukagua nini. Niliisoma barua ile nikiwa kwenye daladala nikapitilizwa kituo. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, maana nadhani kaka huyu hajawahi kurudishiwa pachi, yaani marekebisho ya programu aliyoyatuma, mara nne kama mimi.

(Nikisema kodi sizungumzii ya TRA wala ya mwenye nyumba, nazungumzia ile mistari ya programu. Wataalamu wa lugha wanasema msimbo, sawa, ila huku kwetu ukisema msimbo vijana wanakuangalia tu.)

Nianze na lililonikuta. Nina mteja ana duka la jumla, ana mashine nne za mauzo kaunta na desktopu moja ya mtumba nyuma stoo ndo seva. Ile desktopu ina kadi ya mtandao ya zamani, aina naiacha. Kila siku jioni wateja wakijaa mtandao unakata, sekunde tano, sita, kumi, halafu unarudi wenyewe kama hakijatokea kitu. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha swichi. Nikalaumu umeme, nikamuuzia mzee wa watu UPS ambayo hakuihitaji, hilo namwomba radhi hapa hapa. Mwisho nikafungua logu, yaani daftari la matukio, za kerneli, ambayo ndiyo kiini cha Linux, nikakuta mstari uleule umejirudia kama tasbihi, mlinzi wa mtandao (siyo mtu, ni sehemu ya kerneli inayochunga kadi) analalamika kwamba foleni ya kutuma imezidi muda, halafu kadi inawashwa upya. Tatizo halikuwa kwenye waya, lilikuwa kwenye draiva.

Kwa asiyejua, draiva ni ile sehemu ya mfumo wa kompyuta inayoongea na kifaa. Na kwenye Linux, ambayo ndiyo imo hata ndani ya simu yako ya Android, draiva za kila aina ni zaidi ya nusu ya kodi yote. Sasa draiva ya kadi ya mtandao inafanyaje kazi? Kuna duara la nafasi kwenye memori, tuseme nafasi 64. Draiva inaweka paketi, yaani vipande vya data vya kutumwa, kwenye nafasi, kadi inakuja kuzichukua yenyewe moja moja inazituma, ikimaliza inapiga interapti, yaani inamgutua prosesa, kwamba hizi nimeshatuma, safisha. Duara likijaa draiva inafunga mlango, inaiambia kerneli simama kwanza usiniletee. Nafasi zikipatikana inafungua. Basi, biashara ni hiyo tu, mtoto wa darasa la saba anaelewa.

Nikasema ahaa, duara linajaa, dawa ni kulikuza. Nikatoa 64 nikaweka 256, nikajaribu, jioni ile mtandao haukukata hata mara moja. Nikajiona mwamba. Nikaandika pachi, nikaituma kwa wale wanaoshughulika na mtandao wa kerneli, kwa imeili kama wanavyotaka wao, nikaenda kulala nikijua kesho jina langu liko kwenye Linux.

Asubuhi jibu limekuja. Mistari miwili. Hamna habari za asubuhi, hamna asante, hamna chochote, mtu ananiuliza tu: hii imepunguza tatizo au imelitibu? Na swali la pili: nini kinatokea interapti ikiingia kati ya mstari huu na huu? Nilikasirika jamani, nikasema huyu ananijua mimi? Nimekaa usiku kucha nahangaika mtu anaamka tu anauliza maswali. Yaani siku hiyo ungeniuliza ningekuwa upande wa msomaji mwenzangu kabisa, ningesema majungu.

Ila swali likanikaa kichwani. Mchana nikachukua karatasi nikachora. Na hapa naomba wasomaji mnivumilie kidogo maana utamu wote uko hapa.

Mashine ina prosesa yenye kori zaidi ya moja, ni kama wafanyakazi kadhaa ndani ya prosesa moja, kwa hiyo mambo mawili yanaweza kutokea wakati uleule. Kori ya kwanza inaendesha ile fanksheni ya kutuma, yaani kipande cha draiva kinachotuma paketi, inaangalia duara, limejaa, inaamua kufunga mlango. Kabla haijafunga, kwenye kori ya pili interapti imeingia, kadi imemaliza kutuma zote, draiva inasafisha nafasi zote, halafu inaangalia kama mlango umefungwa ili iufungue. Inakuta mlango uko wazi bado, si ndo hujafungwa, basi inaondoka zake. Ndipo sasa yule wa kwanza anafunga mlango. Umeona? Duara tupu, mlango umefungwa, na hamna interapti nyingine itakayokuja kuufungua kwa sababu hamna kitu kinachotumwa. Kila mtu anamsubiri mwenzake. Wanakaa hivyo mpaka yule mlinzi anachoka kusubiri, ndo anaiwasha kadi upya, na wakati huo pale kaunta mtu kashika panadol mkononi anasubiri risiti.

Kukuza duara hakujatibu chochote, kumefanya tu lisijae mara kwa mara. Yule jamaa alikuwa ameliona hilo kwa kusoma tu. Hana ile kadi, hajafika kule dukani, hajui hata Mwanza iko wapi.

Msomaji mwenzangu atasema sawa lakini nafasi yenyewe ya kosa kutokea ni ndogo mno, ni nukta ya nukta. Ni kweli, kaka. Ila piga hesabu. Kadi ya gigabit moja kwa paketi ndogo kabisa inaweza kupitisha paketi 1,488,095 kwa sekunde. Kitu cha mara moja kwa milioni kwa binadamu ni bahati nasibu, kwa kadi ya mtandao ni kila sekunde.

Basi nikarekebisha, ukishafunga mlango angalia duara tena, ukikuta nafasi ufungue mwenyewe. Pachi ya pili. Nikarudishiwa. Sasa ilikuwa kwamba prosesa hizi, hata hizi za Intel na AMD tunazouziana kila siku, hazilazimiki kufuata mpangilio uliouandika wewe, inaweza kulisoma duara kwanza kabla lile tangazo la mlango nimefunga halijaonekana na kori nyingine, kwa hiyo unaangalia mara ya pili lakini unaona picha ya zamani. Lazima uweke kizuizi cha memori katikati, mstari mmoja tu mfupi wa kumlazimisha prosesa afuate mpangilio. Mstari mmoja! Sikuwahi kufundishwa hicho kitu chuoni, na cheti ninacho kimefremiwa ukutani.

Nikaweka kizuizi, nikatuma usiku uleule, nikaambiwa tena kwamba utaratibu ni kusubiri saa 24 kabla ya kutuma toleo jipya, ili na wengine wapate kusoma. Nikanuna. Lakini katika kusubiri kule kweli mtu mwingine kabisa akasoma akaona kitu ambacho wa kwanza hakukiona, na hiki ndicho kilichonimaliza.

Kabla ya kuweka paketi kwenye duara draiva inaomba anwani ambayo kadi itaitumia kufikia memori. Ombi hilo linaweza kukataliwa, mara chache, memori ikibana. Mimi kwa kujipendekeza niliona draiva haikagui likikataliwa, nikaongeza mistari yangu mitatu: likikataliwa, itupe paketi, uirudishie kerneli jibu BUSY, yaani niko bize. Si inaeleweka? Imeshindikana, sema niko bize.

Fikiria ajenti wa mabasi ya mkoani. Umempelekea mzigo wa kwenda Dodoma. Akikwambia basi limejaa rudi nao, mzigo bado ni wako, unaondoka nao mkononi kesho unarudi. Akikwambia nimeupokea, basi umeshatoka mikononi mwako, ukipotea njiani ni habari nyingine. Sasa mimi nilikuwa ajenti anayeutupa mzigo ziwani halafu anamwambia mwenyewe basi limejaa rudi nao. Kerneli ikisikia BUSY inajua paketi bado inayo, inashika ileile kuileta tena, wakati memori yake imeshagawiwa mtu mwingine. Hapo mashine inaanguka, au mbaya zaidi haianguki, inaendelea na data za watu zimechanganyikana. Jibu sahihi pale ni kuitupa paketi, kuandika kwenye hesabu kwamba imetupwa, halafu kurudisha OK. Ndiyo, OK! Kwa sababu OK pale haina maana imefika, ina maana imeshakuwa shauri langu. Siku hiyo nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuangalia kulikoni.

Na kosa hilo nisingeligundua kwa kujaribu hata ningejaribu mwaka mzima, maana ile njia haipitiki mpaka memori ibane kwa wakati maalum. Ndo maana wale jamaa ukiwaangalia wanavyopitia kodi hawaanzii mahali inapofanya kazi, wanaenda moja kwa moja kwenye njia za kushindwa. Ukiomba memori ukakosa unafanyaje. Ulishasajili interapti halafu hatua ya mwisho imegoma, unarudi nyuma kwa mpangilio gani, unafungua nini kwanza. Mtu akichomoa kifaa katikati. Hiyo ndiyo kodi isiyojaribiwa na mtu, na mtu pekee anayeweza kuiona ni msomaji.

Toleo la nne likarudi kwa jambo la kuchekesha, eti vigezo vyangu juu ya fanksheni havikupangwa. Watu wa mtandao kwenye kerneli wana desturi, mstari mrefu uanze, mfupi umalizie, kama mti wa Krismasi umepinduliwa. Hili hadi leo naona ni ushamba tu wa wazungu, kompyuta haijali, na hapa nampa msomaji mwenzangu maksi yake, yapo mambo kwenye ukaguzi ambayo ni mapenzi ya mtu. Nikapanga. La tano likapita.

Sasa mtu asidhani hizi ni hadithi za fundi wa Mwanza peke yake. Januari 2003 kampuni ya usalama iitwayo @stake ilitoa taarifa ya tatizo walilolipa jina Etherleak. Etheneti, yaani mtandao wa waya, inataka fremu, ile bahasha inayobeba paketi, isipungue baiti 64, ukitoa baiti 4 za ukaguzi mwishoni na 14 za kichwa, mzigo wa ndani usipungue 46. Sasa ombi la ARP, lile la kuuliza nani mwenye anwani hii, lina baiti 28 tu. Zinabaki 18 za kujazia, na zinatakiwa ziwe sifuri. Draiva nyingi, na siyo za mfumo mmoja, zilikuwa hazijazi sifuri, zilikuwa zinamwambia kadi tu tuma baiti 60, ikatuma 28 na kichwa chake halafu zilizobaki ni chochote kilichokuwa pale kwenye memori, vipande vya paketi zilizopita, labda jina la mtu, labda nywila. Jirani yeyote kwenye swichi angeweza kuzichungulia. Na mtandao ulikuwa unafanya kazi vizuri tu! Vile anavyotaka msomaji mwenzangu, ikifanya kazi iende, basi ilikwenda, miaka na miaka, kwa sababu draiva mpya mtu anaandika kwa kunakili ya zamani na kosa linarithiwa kama shamba. Ukitaka kuliona lazima mtu akae asome aulize hizi baiti 18 zinatoka wapi?

Ila nisiwe kama nauza dawa ya kutibu yote. Septemba 2008, Linux toleo la 2.6.27 likiwa bado kwenye majaribio, watu wenye laptopu zenye kadi za Intel zinazotumia draiva iitwayo e1000e walianza kuamka wakakuta kadi imekufa. Siyo imezima, imekufa, ile memori yake ndogo inayoshika anwani na mipangilio imeandikwa takataka, hata ukiweka Windows haifufuki. Kila mtu akaivamia draiva. Ikasomwa mstari kwa mstari. Wengine wakashuku upande wa grafiki. Kumbe mkosaji hayuko kwenye mtandao kabisa, alikuwa ni ftrace, chombo cha kufuatilia kerneli inavyokwenda. Kilikuwa kimeweka orodha ya sehemu za kodi za kurekebisha baadaye, zikiwemo sehemu za kuanzishia moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa baadaye, kama draiva) ambazo zikishatumika zinafutwa na nafasi yake inagawiwa. Nafasi moja ikaangukia kwenye memori ya kadi. Ftrace ikarudi na orodha yake ya zamani, kwa amri ya linganisha kwanza ndipo ubadilishe, ikijua kwamba ikikuta siyo chenyewe haitagusa. Tatizo amri ile ndani ya prosesa inaandika hata ulinganisho ukishindwa, inarudisha kilekile ilichosoma. Kwenye RAM, memori ya kawaida ya kompyuta, haina madhara. Kwenye memori ya kifaa ni balaa.

Aliyeandika ftrace, Steven Rostedt, alijitokeza mwenyewe akaeleza hadharani kosa lilivyotokea hatua kwa hatua. Nikikumbuka wakubwa wangu wa kazi wa huku kwetu na nani anayekubali kosa mbele ya watu, basi naishia hapo. Na upande wa draiva wakaongeza kufuli ili ile memori ya kadi isiandikike ovyo hata mwingine akikosea. Wakaguzi hawakumkamata mkosaji mapema, kweli, ila kuisoma kule draiva kuliacha swali, kwa nini mlango huu ulikuwa wazi siku zote?

Kuhusu mashine kuandika. Nimejaribu, kaka yangu, usidhani mimi ni mzee wa zamani. Niliiomba moja ya hizi programu za akili bandia iniandikie fanksheni ya kutuma kwa kadi kama ile ile. Ikaandika ndani ya sekunde chache, safi, maelezo juu yake Kiingereza kimenyooka kuliko changu. Nikashuka mpaka kwenye njia ya kushindwa. Ikakataliwa anwani, inaitupa paketi, halafu inarudisha BUSY. Kosa langu mimi, kama amelinakili kwenye daftari langu. Sasa kama nisingekuwa nimeshapigwa na wale jamaa ningelijuaje?

Na hapa nyumbani nimefanya kazi ya mkataba kwenye kampuni moja, siitaji, ambayo ukaguzi wa kodi ulikuwa upo kabisa kwenye utaratibu wao, kuna kitufe cha kukubali. Bosi anabonyeza akiwa kwenye foleni ya magari. Pachi ya mistari elfu mbili imekubaliwa ndani ya dakika moja, ameandika poa na kidole gumba. Siku mfumo umelala Jumamosi nzima, aliyeitwa ofisini ni kijana aliyeandika, wa kidole gumba hakuulizwa kitu. Hayo kweli yaitwe kupoteza muda, hapo tuko pamoja na msomaji mwenzangu, bora kitufe kiondolewe.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kila Jumatano kwenye ukurasa wa teknolojia mnatuwekea kijana ametengeneza app, kijana ameshinda shindano, picha kashika hundi kubwa ya karatasi. Hongera zao. Tafuteni siku moja na mtu ambaye kazi yake ni kusoma, wapo, mmoja namjua anakaa Arusha hajaandika kitu kipya nadhani miezi sita lakini mabenki wanamtafuta. Na walimu wa vyuo wakisoma hapa, mwanafunzi anapewa mtihani aandike programu kwenye karatasi, sawa, kwa nini asipewe karatasi yenye programu ya mtu mwingine aambiwe kosa liko wapi, tena kosa lisiwe la nukta na koma.

Na kaka msomaji mwenzangu, bila kinyongo, karibu dukani siku ukipita Mwanza. Ile kadi bado ninayo kwenye droo, yule mzee nilishamwekea mpya kwa bei ya ile UPS. Nitakufungulia fanksheni ya kutuma, mistari haifiki sitini, kosa moja nimeliacha makusudi. Ukiliona kabla soda haijaisha, soda na mishikaki juu yangu.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi mitandao, Mwanza